Pimeni Difu Kabla ya Kulipa

(Mazungumzo ya fundi wa magari kwa vikundi vyenye gari la pamoja)

Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya difu, na ameniambia nisiseme sana. Nitajaribu.

Vikundi vingi vina pikapu ya pamoja. Inabeba maziwa, nyanya, simiti, siku nyingine hata mgonjwa. Difu ikilia huko nyuma mpaka ikavunjika meno, mnachanga, mnatuma watu wawili Kirinyaga Road, Nairobi, au kwa wauza spea wa mji wa karibu, nao wanarudi na difu ya kutumika. Boliti zinaingia, gari linatembea, kila mtu anafurahi. Baada ya mwezi mweka hazina anauliza mbona mafuta yanaisha haraka, au dereva analalamika kwamba klachi inanuka kwenye mlima ambao zamani gari lilipanda bila taabu. Huenda mmeletewa difu ya reshio nyingine. Kwa nje zinafanana kama mapacha.

Reshio ni nini? Ni mara ngapi propela, ile chuma ndefu itokayo kwenye gia boksi, inazunguka ili magurudumu ya nyuma yazunguke mara moja. Ndani ya difu kuna gia kubwa, kraunwili, na gia ndogo, pinioni. Kraunwili ikiwa na meno 41 na pinioni meno 10, gawanya: ni 4.1. Meno 41 kwa 9 ni 4.556. Toyota Hilux zimetengenezwa na hizo zote mbili, na 4.3 pia. Land Rover za zamani za Series kwa kawaida ni 4.7, lakini Defender ni 3.54.

Nambari kubwa inavuta vizuri mlimani, lakini barabarani injini inapiga kelele na kunywa mafuta. Nambari ndogo inakimbia, lakini ikipakiwa simiti inachoka.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii. Pikapu nyingi za zamani, waya wa spidomita unatoka kwenye gia boksi, siyo kwenye gurudumu. Mkitoa difu ya 4.1 mkaweka ya 4.556, safari ya kilomita 100 itaandikwa 111. Mteja wa kulipa kwa kilomita analipishwa zaidi. Mkifanya kinyume, kilomita 100 zinaandikwa 90, na kitabu kinaonyesha gari linakula mafuta kuliko ukweli. Dereva anashukiwa ananyonya tangi, kumbe masikini hana kosa.

Sasa namna ya kupima. Msingoje ivunjike, pimeni leo ikiwa nzima.

Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa na ufunguo umetolewa. Wekeni mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na pia kwenye gurudumu moja la nyuma litakalobaki chini. Hili la mawe nalisema kwa ukali, kwa sababu mtaachilia breki ya mkono na kuweka gia frii, na hapo hakuna kingine kinachoshika gari. Inueni gurudumu lile lingine la nyuma kwa jeki, mweke stendi ya chuma. Matofali hapana, yanapasuka. Mtu asiingie chini ya gari.

Chora alama ya chaki kwenye propela na nyingine kwenye tairi iliyoinuliwa. Mmoja azungushe tairi mizunguko 20 kamili akihesabu kwa sauti. Mwingine achuchumae pembeni, ahesabu propela. Kwa nini 20? Kwa sababu gurudumu moja likiwa limeshikwa na ardhi, lile la juu linazunguka mara mbili kila kraunwili inapozunguka mara moja. Kwa hiyo tairi 20 ni kraunwili 10. Hesabu ya propela gawanya kwa 10. Ukipata 41 ni 4.1, ukipata 39 ni 3.9, ukipata 45 na nusu hivi ni 4.556. Mafundi wengine huzungusha tairi mara mbili tu, wanasema "ni nne na kidogo." Hicho kidogo ndicho mnachotafuta!

Tairi ikikataa kuzunguka, pengine difu yenu ni ile ya kujifunga. Inueni magurudumu yote mawili ya nyuma juu ya stendi. Yakizunguka pamoja upande mmoja, zungusheni mara 10, mgawanye kwa 10 vilevile.

Ikiwa imeshavunjika, fungueni mhesabu meno pamoja na visiki vya yale yaliyokatika.

Dukani ni rahisi zaidi. Difu ikiwa mezani, tia chaki jino moja la kraunwili, hesabu meno mpaka urudi hapo, kisha hesabu ya pinioni. Mara nyingine nambari zimegongwa kwenye kraunwili yenyewe. Muuzaji akikataa msihesabu, nendeni duka la pili. Na msikubali kraunwili ya hapa na pinioni ya pale, hata kama meno ni sawa. Hizo zilisagwa pamoja kiwandani, zikitenganishwa zitalia na kulana.

Wenye gari la kuvuta mbele na nyuma, difu zote mbili lazima ziwe reshio moja. Zikitofautiana, siku dereva atakapotia gia ya magurudumu manne kwenye lami, kitu kitavunjika. Wakati wa kupima, iwe kwenye magurudumu mawili.

Nimeona pikapu ya kikundi kimoja hapo nje, na mawe yapo. Nani ana chaki?