Benki Iko Kisiwani, Shamba Liko Ng'ambo

(Maneno tuliyoyasema mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokutana Mombasa)

Wengine mmevuka na feri ya Likoni, wengine mmepitia daraja la Nyali, wengine Makupa. Nauli mmelipa na kazi ya asubuhi mmeiacha, kwa hiyo salamu tutazifupisha. Tumeitana tuulizane: kwa nini mlango wa benki ni mzito kwa mtu wa shamba?

Benki si mgeni hapa. Mwaka 1896, mwaka uleule reli ya kwenda Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa, National Bank of India ilifungua tawi mjini humu. Huo ndio mzizi wa Kenya Commercial Bank, iliyopata jina hilo mwaka 1970. Lakini benki ile ilifuata bandari na wafanyabiashara. Mgema wa Kwale na mvuvi wa dau hawakuwa katika hesabu yake.

Halafu kuna jambo la ardhi, nalo ndilo kubwa. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye madai ya ardhi ya pwani ajitokeze aandikishwe. Waliokuwa na habari na makaratasi waliandikishwa. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, hawakuandikishwa, na wajukuu zao wakaitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Sasa nenda kwa meneja ukamwambie una minazi arobaini. Atakuuliza, taito iko wapi? Minazi ataiona, lakini haitamsaidia.

Msidhani watu wa mjini wamepona. Hapa Mombasa tuna nyumba bila ardhi: ukuta na paa ni vyako, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi unalipa kodi ya kiwanja. Benki nyingi huona nyumba kama hiyo haitoshi kuwa dhamana. Tena wako jirani zetu Waislamu, wa Mji wa Kale na hata katika vikundi vyenu, ambao riba hawaigusi. Kwao mlango ulifunguka kidogo mwaka 2008, benki za Kiislamu zilipoanza kazi Kenya. Benki hununua kitu, kisha humwuzia mteja kwa faida inayotajwa mapema. Tunawaomba viongozi wa vikundi wasimlazimishe mwanachama alipe au apokee riba. Kaeni chini mkubaliane njia.

Mwaka 2007 ikaja M-Pesa, na mama wa Kongowea akaweza kumtumia nyanya yake pesa bila kupanda matatu. Hilo ni jema, hakuna wa kulikataa. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, na mkopo ukaingia ndani ya simu. Hapo tusimame kidogo tupige hesabu. Ilipoanza, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukikopa shilingi 1,000 unarudisha 1,075. Shilingi 75 si kitu, mtasema, ni bei ya chai na mahamri. Lakini anayekopa kila mwezi ili alipe deni la mwezi uliopita, mwaka ukiisha ametoa ada ya shilingi 900, na ile 1,000 bado anadaiwa!

Mkopo wa Hustler Fund ulioanza tarehe 30 Novemba 2022 ulikuja na bei nafuu zaidi, asilimia 8 kwa mwaka, kuanzia shilingi 500. Ila ulitakiwa urudishwe kwa siku 14. Mwuza samaki anaweza. Mwenye mahindi hawezi, kwa sababu hakuna mbegu inayoiva kwa siku 14. Kabla hujabonyeza, jiulize pesa hiyo itazaa lini. Ukichelewa, jina lako huenda likapelekwa kwa wale wanaotunza kumbukumbu za wadaiwa, na benki zote huchungulia huko.

Tumeona pia mikopo ya kudhaminiana. Mmoja akishindwa, wenzake wanakuja na karani, cherehani inabebwa, mbuzi anafunguliwa kamba. Kesho yake watu wa kijiji kimoja hawasalimiani. Kabla ya kumdhamini mtu, nendeni mkaione biashara yake, msitegemee udugu tu.

Basi tufanye nini? Mchezo wa pesa mnaoucheza kila Ijumaa ni mwanzo mzuri, lakini haumwachi mtu na akiba. Afadhali sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na pesa zihesabiwe mbele ya wote. Na daftari! Daftari safi la miaka miwili linaweza kusema mahali ambapo taito haipo. Tangu sheria ya mwaka 2022, kikundi cha watu kumi au zaidi kinaweza kusajiliwa kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Kikisajiliwa, kifungue akaunti yenye saini tatu, na mweka hazina asitoe pesa peke yake hata akiwa mke wa mzee wa kijiji.

Tena, tangu mwaka 2017 sheria inakubali mali inayohamishika iwe dhamana: ng'ombe, mashua, mashine ya kukamua nazi. Si kila ofisa wa benki atawaambia, kwa hiyo ulizeni nyinyi.

Kuhusu usalama, tangu mwaka 2020 benki ikianguka, kila mteja analindwa hadi shilingi 500,000. Pesa za sandukuni hazina kinga hiyo, na za yule bwana anayepita kijijini akiahidi kuzizidisha mara mbili hazina kabisa. Sako inayopokea akiba za kuweka na kutoa lazima iwe na leseni ya SASRA. Leseni hutundikwa ukutani. Ingieni, msione haya, inueni macho mwisome tarehe yake.

Sasa fungueni madaftari mliyokuja nayo. Tutaanza na kikundi kilichotoka mbali zaidi, maana feri haimngoji mtu.