Kamba Wadogo wa Mikokoni Katika Chombo cha Kioo

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya kiumbe mdogo ambaye wengi wetu tumempita mara nyingi pasipo kumtazama. Mtu ashukaye horini wakati maji yamekupwa, akainama penye vidimbwi vilivyobaki katikati ya mizizi ya mikoko, ataona viumbe vyembamba mfano wa sindano za kioo, vikiruka kinyumenyume kila kivuli chake kinapoviangukia. Hao ndio kamba wadogo. Nuru hupenya miili yao, hata chakula kilichomo tumboni huonekana. Sisemi juu ya kamba wakubwa wa kitoweo, wala juu ya uduvi mkavu wa sokoni. Nasema juu ya hawa wasiotimiza urefu wa kidole, ambao hawamshibishi mtu, lakini waweza kumfundisha mengi akiwaweka katika chombo cha kioo na kuwatunza.

Kwanza yafaa tujue maji yao ni maji gani. Lita moja ya maji ya bahari huwa na chumvi kadiri ya gramu 35. Maji ya mvua hayana chumvi ya kuhesabika. Mahali mto unapokutana na bahari, kama milango ya Mto Rufiji, au katika hori la Mtwapa, maji hayo mawili huchanganyika, yakawa si ya bahari wala si ya mto. Ndiyo tuyaitayo maji ya chumvichumvi. Maji yakijaa, chumvi huzidi. Masika ikinyesha, chumvi hupungua. Kamba wa mikokoni wamezoea mabadiliko hayo. Walakini horini kuna bahari nzima ya kurekebisha mambo, na katika chombo chako hakuna mwingine wa kuyarekebisha ila wewe.

Basi, chombo. Tafuta chombo cha kioo chenye mdomo mpana, kiwezacho kuchukua lita 8 au zaidi. Usidhani kwamba chombo kidogo ni chepesi kutunza. Mambo ni kinyume, kwa sababu maji machache hubadilika upesi, na maji mengi hubadilika polepole. Kioshe kwa maji matupu, wala usitie sabuni. Chini yake tandaza mchanga safi wa pwani, unene wa kidole kimoja, na juu ya mchanga weka jiwe la tumbawe lililokufa zamani, au makaka ya chaza yaliyo matupu. Hayo si mapambo tu. Kamba huhitaji chokaa kwa kutengenezea gamba lake, na kila apatapo gamba jipya huhitaji pa kujificha mpaka ligumu.

Kisha teka lita 4 za maji ya bahari, wakati wa maji kujaa, mbali na mitaro na mbali na mashua zenye mafuta. Changanya na lita 4 za maji ya mvua. Mvua hiyo isiwe imetiririka juu ya bati jipya, kwa maana zinki ya bati huwadhuru kamba. Hapo kila lita itakuwa na chumvi gramu 17 na nusu, na hicho ni kiasi cha kuwafaa. Wako watakaouliza, je, haitoshi kutia chumvi ya jikoni katika maji ya kisima? Haitoshi. Chumvi ya jikoni ni sehemu moja tu ya chumvi ya bahari. Baharini mna magnesi, chokaa na vingine vingi ambavyo mwili wa kamba hauwezi kuvikosa. Na ninyi mkaao mbali na pwani msikate tamaa. Katika Ziwa Viktoria wako kamba wadogo wa maji matamu, ambao wataalamu huwaita Caridina nilotica. Mambo karibu yote nisemayo jioni hii huwahusu na hao, isipokuwa habari ya chumvi.

Weka chombo mahali penye mwanga, lakini jua lisikipige, maana maji yakipata moto hushika hewa kidogo, na kamba hukosa pumzi. Kifunike kwa kipande cha chandalua kilichofungwa vema. Sababu ni mbili. Kwanza, kamba aweza kuruka nje usiku. Pili, aina moja ya mbu wa malaria wa pwani yetu, aitwaye Anopheles merus, hutaga mayai katika maji ya chumvichumvi. Isiwe tumetaka kufuga kamba tukafuga homa.

Sasa chombo ki tayari kwa macho, lakini kwa kweli bado. Hapa ndipo wengi hukosea. Hutia maji leo, na kesho hutia kamba, na baada ya siku chache hulia kwamba wamekufa. Taka za kamba na chakula kisicholiwa huoza, vikatoa sumu iitwayo amonia, isiyoonekana kwa macho. Horini sumu hiyo huondolewa na vijidudu vidogo mno viitwavyo bakteria. Mtaalamu wa Urusi, Sergei Winogradsky, alipokuwa katika mji wa Zurich, alionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na makundi mawili: kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitraiti, nayo ni sumu pia, kundi la pili hugeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo haina madhara makubwa, nayo ni chakula cha mwani. Bakteria hao hawamo katika chombo kipya, nao huzaliana polepole. Basi tia konzi moja ya mchanga kutoka katika kidimbwi cha kamba, ili uwe mbegu. Tia na punje chache za chakula ili bakteria wapate kazi. Kisha subiri majuma sita. Utaona ukungu wa kijani ukitanda juu ya jiwe. Usiusugue, kwa kuwa ndio shamba la kamba wako.

Majuma hayo yakiisha, nenda horini ukachukue kamba kumi, wasizidi. Wateke pamoja na maji yao katika ndoo safi. Ufikapo nyumbani usiwamimine kwa ghafula. Tia kikombe kimoja cha maji ya chombo katika ndoo, ngoja kidogo, tia kingine, na uendelee hivyo kwa muda wa saa mbili, ili miili yao izoee. Kisha wahamishe kwa kipande cha chandalua. Usitumie chombo cha shaba katika kazi hii. Ni jambo la ajabu: damu ya kamba huchukua hewa kwa nguvu ya shaba iliyomo ndani yake, lakini shaba ikiyeyuka katika maji, hata kidogo, humwua. Na dawa ya kuulia mbu usiipulize katika chumba walimo, kwani kamba ni jamaa ya wadudu, na liwauwalo wadudu huwaua na wao.

Chakula chao ni kidogo kuliko mtu anavyodhani. Ukungu wa kijani hutosha siku nyingi. Mara mbili kwa juma waweza kuongeza kipande cha samaki mkavu kisichozidi punje ya mtama. Kikibaki mpaka kesho yake, kiondoe. Na siku moja utakuta kamba mweupe amelala chini, mtupu, wala hatikisiki. Darasani kwangu wanafunzi walipoona hivyo walipiga kelele, 'Mmoja amekufa!' Niliwaambia wahesabu walio hai. Wakahesabu kumi, wakahesabu tena, wakapata kumi. Kilicholala chini kilikuwa ni gamba, ambalo mwenyewe amelivua ili apate kukua. Liacheni hapo, kamba watalila, na chokaa yake itawarudia.

Sasa imenipasa kuwaambia habari ambayo singependa kuisema, ila ina faida. Mara ya kwanza nilipofuga kamba hawa chuoni, nilitumia bakuli pana la lita 8 lisilo na kifuniko, nikaliweka dirishani mwanzo wa kaskazi. Nilimchagua mwanafunzi mmoja wa ualimu, kijana mtulivu, awe mtunzaji. Nikamwagiza hivi: 'Kila Jumamosi tazama alama niliyoichora kwenye kioo. Maji yakipungua, jaza mpaka alama kwa maji ya ndoo.' Na maji ya ndoo yalikuwa ya mchanganyiko uleule, nusu ya bahari na nusu ya mvua. Niliona nimesema neno la busara, kwani kitu kikipungua si hurudishiwa kilekile?

Kwa majuma mengi kamba waliishi vema. Kisha wakaanza kulegea, na asubuhi moja, mvua za masika zilipokaribia, tuliwakuta wamekufa wote. Nilikasirika. Mbele ya wenzake nilimwambia yule kijana kwamba amewalisha kupita kiasi, na kwamba asiyeweza kutunza kamba kumi hataweza kutunza watoto arobaini. Hakunijibu neno.

Jioni alikuja nyumbani kwangu, akabisha hodi, akaniamkia kwa adabu, akanipa daftari lake kwa mikono miwili. Akasema, 'Bwana Mwalimu, naomba usome. Ukiona nimekosa, nitakubali.' Nilisoma. Kila Jumamosi, kwa majuma kumi na sita, alikuwa ameandika siku ya mwezi, idadi ya kamba, kiasi cha chakula, nacho kilikuwa kidogo kama nilivyotaka, kisha maneno haya: 'Nimetia lita 1 ya maji ya ndoo, kama nilivyoagizwa.'

Nilichukua taa nikaenda darasani. Kwenye ukingo wa bakuli palikuwa na mstari mweupe. Niliukwangua kwa ukucha, ulikuwa chumvi. Ndipo nilipofahamu. Jua na upepo huchukua maji peke yake, na chumvi huiacha.

Kesho yake nilimwita yule kijana ubaoni afanye hesabu mbele ya wote. Lita 8, kila moja gramu 17 na nusu: jumla gramu 140. Kila juma lita moja ya maji ilikwenda zake bila chumvi, na mahali pake ikaja lita nyingine na gramu zake 17 na nusu. Kwa majuma kumi na sita ni gramu 280 zaidi. Jumla gramu 420. Gawanya kwa 8, kila lita ina gramu 52 na nusu. Na bahari yenyewe ina 35. Tuliwatoa viumbe hawa horini, tukawatia katika maji yaliyoipita bahari kwa nusu yake, kidogo kidogo, kwa amri yangu. Kijana alipoweka chaki chini, nilimwomba radhi mbele ya walewale waliosikia nikimkemea. Haikuwa rahisi kwangu, lakini ilikuwa haki yake.

Basi sheria ni hii, iandikeni. Maji yaliyokauka hurudishwa kwa maji matamu. Maji yaliyotekwa au kumwagika hurudishwa kwa mchanganyiko. Chora alama kwenye kioo, na kila baada ya siku mbili jaza mpaka alama kwa maji ya mvua peke yake. Mara moja kwa mwezi teka lita moja, uimwage, na utie lita moja mpya ya mchanganyiko. Na kando ya chombo weka daftari.

Kabla sijamaliza, neno moja juu ya siku ambayo mtu amechoka kufuga. Asimwage viumbe wake ovyo katika maji mengine. Katika visiwa vya Hawaii, kwenye bahari ya Pasifiki, wako kamba wekundu, urefu wao kama sentimita moja tu. Wenyeji huwaita opae ula, maana yake kamba wekundu. Wataalamu waliwapa jina la Halocaridina rubra mwaka 1963. Hukaa katika vidimbwi vya miamba ya volkano karibu na pwani, ambamo maji ya bahari na ya mvua hukutana chini ya ardhi. Watu wa nchi nyingi huwafuga katika vyombo vya kioo, nao waweza kuishi miaka kumi na zaidi. Mwaka 1951 walipelekwa huko samaki jamii ya perege, ambao asili yao ni mito ya kusini-mashariki ya Afrika. Samaki hao na wageni wengine walitiwa katika baadhi ya vidimbwi, na humo kamba wekundu wakaliwa au wakatoweka machoni. Mwaka 1973 sehemu ya pwani ya kisiwa cha Maui, iitwayo Ahihi-Kinau, iliwekwa chini ya ulinzi, pamoja na vidimbwi vyake. Perege hana kosa. Kosa ni la mkono uliomtia mahali pasipo pake.

Wasikilizaji wapenzi, afugaye kamba hafugi kamba tu, hufuga maji. Maji yakiwa mazima, kamba watajitunza wenyewe. Na ninyi walimu wenzangu, chombo kikiharibika, someni daftari kwanza, kabla ya kumtafuta wa kumkemea. Huenda mkakuta ndani yake amri yenu wenyewe, imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa mtoto mtiifu.