Kipindi ulichorekodi ni chako au cha king'amuzi?

Mwezi uliopita nilipanda Vuga, kule Usambara, kuhudhuria arobaini ya shangazi yangu. Marehemu aliwahi kuonekana kwenye televisheni. Waandishi wa kituo kimoja walifika kutengeneza kipindi cha kilimo cha milimani, wakamkuta kwenye maharage yake, wakamhoji dakika kama tano. Siku kipindi kiliporushwa nyumba ilijaa watu, na binamu yangu akachomeka flashi kwenye king'amuzi, akarekodi.

Baadaye radi ikaunguza king'amuzi kile. Wakanunua kingine, cha kampuni ile ile. Jina la kipindi linaonekana, tarehe inaonekana, lakini picha haitoki. Kwenye kompyuta ndiyo kabisa. Fundi akawaambia kwamba rekodi ilifumbwa, na ufunguo wake ulikuwamo ndani ya king'amuzi kilichoungua. Kwa hiyo shangazi yumo ndani ya flashi, na wanawe hawawezi kumwona.

Ndipo binamu aliponivuta pembeni. "Kaka, wewe uko mjini. Niambie niweke programu gani kwenye kompyuta, nirekodi mwenyewe."

Wenye umri wangu wanaikumbuka deki ya video. Zanzibar ilianza televisheni mwaka 1973, na Bara tulingoja hadi 1994, lakini tangu hapo mtu alirekodi taarifa ya habari au harusi, akampelekea ndugu yake kanda, na kanda ikacheza katika deki yoyote. Mitambo ya zamani ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, tulipata picha safi. Ila vingi kati ya ving'amuzi hivi hurekodi kwa namna ambayo kanda haitoki nje ya deki.

Kwa hiyo nilimwambia binamu asianze kuuliza ipi ina sura nzuri. Aulize kwanza: nikirekodi, faili linakaa wapi, na litachezeka kwenye mashine nyingine?

Kodi, ambayo hadi 2014 iliitwa XBMC, ni ya bure na inapendeza kwenye skrini, na rimoti huielewa. Lakini peke yake hairekodi. Inahitaji mwenzake nyuma ya pazia, na mimi ningemchagua Tvheadend, anayepokea mawimbi, kusoma ratiba inayokuja pamoja na matangazo yenyewe, na kuandika faili la kawaida ambalo mtoto wa shule atalifungua popote. MythTV, iliyoanza 2002, inafanya yote mawili, ila kuiweka kunataka subira ya mfuma mkeka. Jellyfin ni ya bure pia, nayo inafaa kwa nyumba yenye simu nyingi zinazotaka kutazama. Plex inadai malipo kabla ya kukurekodia.

Na msidhani jina kubwa ni kinga. Microsoft walikuwa na Windows Media Center, watu wakaizoea. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 haikuwamo tena, na ratiba yake ya vipindi ikakatwa mwaka 2020. Waliokuwa na rekodi zenye kufuli walibaki wameshika mashine kuukuu ili wasizipoteze.

Sasa tatizo la Vuga si programu tu. Milima huziba mawimbi ya minara, na wengi hutegemea dishi. Mwenye dishi anunue kifaa cha kupokelea cha satelaiti, DVB-S2. Mwenye antena anunue DVB-T2, maana DVB-T ya zamani inauzwa bei rahisi na inaweza kumwacha na skrini tupu. Tena programu hizi hupokea chaneli zisizofumbwa. Chaneli ya kulipia inayofunguliwa kwa kadi ya kampuni isahau, na anayekuahidi njia ya mkato anakuuzia kesi.

Umeme nao. Kompyuta ya mezani iliyowashwa usiku kucha ikisubiri taarifa ya habari itamaliza luku. Raspberry Pi, kikompyuta kidogo kama kitabu cha mfukoni, hutumia wati chache tu, na sola ndogo yenye betri nzuri inaweza kuibeba. Ukikatika umeme katikati ya kipindi, faili la kawaida hubaki na kile kilichokwisha kuandikwa. Saa moja ya picha ya kawaida hula kama gigabaiti moja, kwa hiyo diski ya terabaiti itabeba saa mia kadhaa, na bado nafasi ibaki. Kurekodi kwa ajili ya nyumbani, hiyo ni haja ya familia. Kufungua kibanda na kutoza kiingilio ni jambo jingine, na sheria ya hakimiliki ya 1999 inakuhusu.

Binamu ameanza na Tvheadend na Kodi. Rekodi ya kwanza, taarifa ya habari ya saa mbili, aliihamishia kwenye simu, akanitumia. Ilifunguka.

Tumekiandikia kituo kile kuomba nakala ya kipindi cha maharage, jibu bado. Flashi iko kabatini, imefungwa kwenye kitambaa, pamoja na king'amuzi kilichoungua. Binamu amekataa kisitupwe.