Ukuta na Lango

Somo letu limetoka katika Waraka wa Paulo kwa Waefeso, mlango wa 2, kuanzia mstari wa 11. Kama unacho Kitabu karibu, weka alama hapo. Tutarudi.

Jumapili moja hapa Boito mvua ilituzuia kanisani, mimi na watoto wa shule ya Jumapili. Mmoja wao alikuwa na kitabu chenye picha ya ukuta mrefu uliopita juu ya vilima, akaniuliza ni ukuta gani. Nikawaeleza kwamba Kaisari Hadriano wa Rumi aliamuru ujengwe huko Uingereza mwaka 122, kutoka bahari hata bahari, kilomita 117 hivi. Ni kama kutoka Kericho mpaka Nakuru, na kupita kidogo. Askari walioulinda walitoka nchi nyingi, na baadaye wengine walitoka hata Afrika ya Kaskazini, wakakesha katika baridi ile. Tena, karibu kila kilomita moja na nusu palijengwa lango. Hata Warumi, pamoja na nguvu zao zote, hawakujenga ukuta usio na mahali pa kupitia.

"Na huku kwetu, Mchungaji, hakuna ukuta wa zamani?"

Upo, nikasema. Ukipita Kisii ukashuka mpaka Migori, kisha ukaenda kilomita 46 hivi upande wa kaskazini-magharibi, utafika Thimlich Ohinga. Mawe yamepangwa bila udongo wala saruji, makubwa na madogo yakishikana, na mahali pengine ukuta unapita mita 4 kwenda juu. Wataalamu wanasema una umri wa miaka 500 hivi, na mwaka 2018 UNESCO iliuandika katika urithi wa dunia. Watu waliishi ndani pamoja na ng'ombe wao. Milango ni mifupi, mgeni huinama ili aingie, na adui hawezi kuingia mbio.

Msichana mmoja, wa miaka tisa hivi, akainua mkono. "Mchungaji, huyo adui alikuwa nani? Ni babu zetu?"

Ndugu zangu, nilitaka kukwepa. Nilitaka kusema walikuwa simba na chui, maana ni kweli ukuta ulizuia wanyama pia. Lakini macho ya mtoto yule yalinishinda. Nikamjibu, "Huenda wengine walikuwa babu zetu. Zamani zile makabila ya pande hizi yalinyang'anyana ng'ombe. Sisi tuliwaogopa wao, na wao walituogopa sisi."

Juma lililofuata baba mmoja alinisimamisha kwenye kituo cha kuuzia majani chai. Alikuwa na hasira. "Mchungaji, unawafundisha watoto wetu kwamba babu zao walikuwa wezi?" Nikamwambia, "La, mzee wangu. Nimewafundisha kwamba hata jirani alikuwa na watoto wa kuwalinda usiku." Akanyamaza. Kisha akaweka kikapu chake chini, akanisimulia habari za mwaka 1992, na tena mwanzo wa 2008, pale mpakani mwa Sotik na Borabu, nyumba zilipochomwa na watu wakafa. Alikuwa na rafiki upande wa pili. Tangu siku zile hajamtembelea.

Pale mpakani hakuna ukuta wa mawe. Ukuta upo katika vinywa vyetu jioni, tunaposema mbele ya watoto, "Wale watu ndivyo walivyo." Mtoto hakuzaliwa na neno hilo. Ni sisi tunaomkabidhi jiwe moja kila siku, naye anapanga.

Sasa rudi Waefeso. Paulo aliujua ukuta. Katika hekalu la Yerusalemu palikuwa na kizuizi, na maandishi ya kumwonya mgeni kwamba akipita atajiletea kifo mwenyewe. Jiwe moja la maandishi hayo lilifukuliwa mwaka 1871. Paulo anatuambia kwamba Kristo amekibomoa kiambaza cha kati, na waliokuwa mbali na waliokuwa karibu wamekuwa nyumba moja.

Na mawe ya ukuta uliobomoka hayapotei. Kule Uingereza, miaka mingi baada ya Warumi kuondoka, watu waliyachukua mawe ya ukuta ule wakajengea nyumba na makanisa.

Basi, mzazi mwenzangu, mtoto akikuuliza habari za zamani, usimdanganye. Mwambie hofu ilikuwa pande zote mbili, kisha mwonyeshe lango lilipo. Yule baba alinituma salamu juzi. Amepanda gari kwenda Borabu, na amemchukua mwanawe.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe mawe tuliyowakabidhi watoto wetu. Utufundishe kuinama mlangoni pa jirani. Amina.