Kulinda Kadi ni Sehemu ya Zamu

Kaskazini ya mji wa Bujumbura, karibu na uwanja wa ndege, iko Buterere. Kwa miaka mingi taka za mji zimekuwa zikipelekwa huko, na wapo watu wanaojipatia riziki ya halali kwa kuzichambua. Mchambuzi wa taka anajua jambo ambalo mtupaji hulisahau: kitu kilichotupwa hakikupotea, bali kimehamia mahali pengine. Bahasha iliyoleta namba ya siri ya kadi ya benki, ikitupwa bila kuchanwa, nayo haikupotea.

Hata hivyo, wa kuogopwa si maskini wa jalalani. Mwizi wa kadi wa zama hizi hachafui mikono yake wala havunji mlango. Aghalabu yeye huuliza tu, naye hujibiwa.

Jambo hili linawahusu wanajeshi na polisi kuliko wanavyodhani. Mshahara wa askari hupita benki. Tangu mwaka 2007 hadi 2024 maelfu ya wanajeshi wa Burundi walikwenda kulinda amani Somalia, na posho za jasho lao na hatari yao zikapitia akaunti, huku wao wenyewe wakiwa mbali na nyumbani. Mlaghai anajua siku ya mshahara kama askari mwenyewe anavyoijua. Basi hapana budi askari aifahamu kadi yake kama anavyoifahamu bunduki yake.

Namba iliyoandikwa usoni mwa kadi, ambayo mara nyingi huwa na tarakimu 16, haikupangwa kwa kubahatisha. Tarakimu ya kwanza huonyesha aina ya kadi: kadi za Visa huanza na 4, na nyingi za Mastercard huanza na 5. Tarakimu sita za mwanzo, au nane kwa utaratibu mpya, hutaja benki iliyoitoa. Zinazofuata humtambulisha mteja. Ile ya mwisho kabisa ni ya uhakiki, nayo hupatikana kwa hesabu iliyobuniwa na Hans Peter Luhn, mtaalamu wa kampuni ya IBM, ambaye alipewa hataza yake huko Marekani mwaka 1960.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ichukuliwe namba fupi ya mfano, 26351. Kuanzia kulia, tarakimu ya kwanza huachwa kama ilivyo, ya pili huzidishwa kwa mbili, ya tatu huachwa, ya nne huzidishwa, na kuendelea hivyo hivyo. Jibu likizidi tisa, hupunguzwa tisa. Hapo 1 hubaki 1. 5 huwa 10, kisha 1. 3 hubaki 3. 6 huwa 12, kisha 3. Na 2 hubaki 2. Jumla ni 10. Jumla ikigawanyika kwa kumi bila baki, namba imeandikwa sawasawa. Mtu akikosea akaandika 26451, jumla huwa 11, na mashine huikataa papo hapo.

Lakini hesabu hiyo iliwekwa ili kunasa makosa ya kuandika, si kumzuia mwizi. Kila mtu anaweza kuijua, na mlaghai anaijua. Kwa hiyo mtu anayepiga simu akataja tarakimu za mwanzo za kadi, kisha akadai kwamba ndiyo ithibati ya kuwa anatoka benki, hajathibitisha lolote. Tarakimu hizo ni za benki nzima, nazo ziko kwenye kadi za wateja wengi.

Namba ya kadi ni kama anwani ya nyumba. Ufunguo ni vitu vingine: tarehe ya mwisho wa kadi pamoja na zile tarakimu tatu za nyuma, ambazo zikiungana na namba huweza kutosha kununua vitu kwa njia ya intaneti, namba ya siri ya kutolea fedha, na ule msimbo unaotumwa kwa simu wakati wa malipo. Askari wa zamu hamwambii mpita njia neno la siri la usiku, hata kama mpita njia huyo amevaa sare na anazungumza kwa ukali. Na iwe hivyo hivyo kwa kadi. Benki ya kweli haimwulizi mteja namba yake ya siri. Anayeiuliza, awe na sauti tamu au ya vitisho, amekwisha kujitambulisha kuwa ni mlaghai.

Iko hila nyingine. Ule utepe mweusi wa sumaku nyuma ya kadi hutoa habari zile zile kila unapopitishwa, na kwa sababu hiyo huweza kunakiliwa kwa kifaa kidogo kilichobandikwa kwenye mashine ya fedha. Chipu hutoa msimbo mpya kwa kila malipo. Ndiyo maana benki za Afrika Mashariki zilihamia kadi za chipu. Basi kadi isitoke machoni pa mwenyewe dukani, na mkono uifunike namba ya siri inapobonyezwa.

Lakini hatari kubwa kuliko zote huanza kwa hiari. Wapo wanaomwachia mkopeshaji kadi pamoja na namba ya siri kama rehani. Mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye anayetangulia kwenye mashine, na mwenye mshahara hupewa masalio. Huko Tanzania wananchi wameipa mikopo ya aina hiyo jina la kausha damu. Askari aliyeweka kadi rehani ameweka pia uhuru wake rehani, na mwenye deni la namna hiyo ni rahisi kushawishiwa kufanya lisilofaa.

Kwa upande wa polisi, wajibu ni mkubwa zaidi. Burundi imekuwa na sheria ya kuzuia na kuadhibu makosa ya mitandao tangu Machi 2022. Mwananchi aliyeibiwa asichekwe wala asirudishwe nyumbani. Kwanza aelekezwe kuifunga kadi kwa simu ya benki yake. Kisha yaandikwe saa, mahali, kiasi cha fedha na namba ya simu iliyotumika. Katika daftari zitoshe tarakimu nne za mwisho za kadi, maana daftari nalo husomwa na wengi. Picha za kamera za benki ziombwe mapema, kabla hazijafutwa. Wahalifu hawa hawajali mipaka: Oktoba 2019, mjini Kigali, walikamatwa pamoja Wakenya, Wanyarwanda na Mganda kwa tuhuma za kutaka kuingilia mitambo ya benki.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Askari anayelinda mali ya umma usiku kucha na asikubali yake iondoke mchana kwa swali moja la simu.