Okidi Iliyoacha Kuchanua

Somo: Luka 13:6–9



Katika nyumba nyingi za mjini siku hizi utaona okidi yenye majani mapana, imewekwa mezani ndani ya chungu. Mara nyingi ni zawadi. Maua yake hudumu miezi miwili, hata mitatu, kisha huanguka moja moja. Hapo wengi husema, "Imekufa," wakaitupa. Kumbe haikufa. Imeanza kazi isiyosifiwa na mtu: kuotesha mizizi na majani.

Kwao, katika misitu ya joto ya Asia, okidi hii haioti ardhini. Hushika gome la mti, mizizi yake ikiwa hewani. Hata hapa Kenya ziko okidi za porini ziishizo hivyo. Kwa hiyo ukiipanda katika udongo mzito na kuimwagia maji kila asubuhi, mizizi itaoza. Ipande katika vipande vya magome, chungu kiwe na matundu. Iweke karibu na dirisha penye mwangaza, si kwenye jua kali. Kabla ya kuinywesha, tazama mizizi: ikiwa ya kijani, maji yangaliko, ikiwa na rangi ya fedha, ina kiu. Kisha ngoja. Jani moja laweza kuchukua miezi kukomaa. Majani yakiisha kupata nguvu, majuma machache ya usiku wenye ubaridi, kama nyuzi 16 hadi 18, huiamsha itoe kikonyo kipya cha maua.

Ndugu zangu, katika kanisa letu yuko kijana aliyeongoza kwaya, na sasa huketi kiti cha nyuma wala haimbi. Yuko mama aliyemzika mwanawe, na tangu siku ile haonekani katika ushirika wa akina mama. Twasema, "Amepoa." Wengine wetu humfuata na maonyo kila siku hata akafunga mlango. Wengine huona heri jina lake lifutwe daftarini. Wa kwanza huozesha mizizi. Wa pili hutupa mmea ulio hai.

Katika mfano wa Bwana Yesu, mwenye shamba hakusema uongo. Miaka mitatu alitafuta matunda asipate. Mtunza shamba naye hakubishana. Aliomba mwaka mmoja tu, na pamoja na ombi hilo akaahidi kazi: kuuchimbia mtini na kuutilia samadi. Subira yake ilikuwa na jembe mkononi. Tena Bwana hakutuambia kama mti ule ulizaa baadaye. Kazi ilipaswa kufanywa hata hivyo.

Basi juma hili nenda kwa mama yule. Usimwulize atarudi lini. Keti naye, mtekee maji, msikilize akitaja jina la mwanawe. Na kama wewe ndiwe uliyeacha kuchanua, usijihesabu kuwa mfu. Yuko anayekuombea mbele za Baba.

Tuombe. Ee Bwana, Wewe waijua mizizi tusiyoiona. Utufundishe kungoja huku tukitenda kazi, na wale tuliokata tamaa juu yao, uwahuishe kwa wakati wako. Amina.