Ulimi na Kalamu: Tujitayarishe kwa Mtihani wa Lugha ya Kigeni

(Hotuba ya Kamati ya Elimu mbele ya wanachama, wazazi na wanafunzi, Kinondo)



Tumeitana kwa jambo moja. Wengi wetu hapa Kinondo twafanya kazi katika hoteli za Diani na Galu. Baadhi ya watoto wetu wamechagua shuleni lugha ya kigeni, na hasa Kijerumani. Katika mtihani wa lugha hiyo mambo mawili huwatisha kuliko yote: kusema na kuandika. Twataka kueleza jinsi ya kujitayarisha, na kazi ya mzazi ni ipi.

Kwanza tuujue mtihani wenyewe. Katika KCSE, mtihani ulioanza mwaka 1989, Kijerumani kina karatasi tatu, na Kifaransa vilevile. Moja ni ya kusikiliza na kuandika insha. Ya pili ni ya kusoma na sarufi. Ya tatu ni ya mazungumzo: mwanafunzi huketi mbele ya mtahini, akajibu kwa kinywa chake. Hii ya mazungumzo hutangulia zile za kuandika. Kwa hiyo anayengoja mwezi wa Oktoba ndipo afungue mdomo amekwisha chelewa. Nao wale wa utaratibu mpya, ambao darasa lao la kwanza la 10 lilianza Januari 2026, huhesabiwa pia kazi wanayoifanya shuleni kabla ya mtihani wa mwisho. Huko hata Oktoba haingojwi.

Pengine mtu atauliza: haya yanahusu nini chama cha wafanyakazi? Yanatuhusu sana. Tuchukue mfano wa mhudumu wa meza aliyezungumza Kijerumani na wageni miaka 15. Wageni wanamwelewa na wanampenda. Lakini hawezi kuandika barua ya mistari mitano katika lugha hiyo. Siku nafasi ya mapokezi ikitokea, huombwa cheti na kalamu, naye hubaki pale pale na sinia lake. Upande wa pili yuko kijana mwenye alama nzuri daftarini. Mgeni akimwuliza njia ya kwenda Gazi, anatazama chini. Mara nyingi watu hawa wawili wamo katika nyumba moja, mzazi na mwanawe. Mmoja ana ulimi, mwingine ana kalamu. Neno letu la leo ni hili: na waketi pamoja.

Kalamu ni ngao pia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 9, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi mkataba wake ikiwa umeandikwa kwa lugha asiyoifahamu. Haki hiyo tuidai. Lakini aliye salama zaidi ni yule awezaye kuusoma mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Tena tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya kazi mjini Berlin, na vijana wengi wamekuwa wakiuliza habari za safari. Lugha ndiyo mlango wa kwanza. Katika mtihani wa Goethe wa daraja ya B1, kusoma, kusikiliza, kuandika na kusema kila kimoja kina alama 100, na kupita ni 60 katika kila kimoja. Aliye hodari wa kusema hawezi kuazima alama zake za kusema azilipe kwenye kuandika.

KUSEMA

Kosa la wengi ni kukariri hotuba. Mwanafunzi huandika kurasa mbili juu ya jamaa yake, akazimeza zote kama dawa. Mtahini akiuliza swali moja la katikati, mtoto hupotea kama mtu aliyekatiwa kamba kisimani. Njia iliyo bora ni hii. Chagua mambo matano: nyumbani, shuleni, kijiji chetu, kazi uitakayo, na mazingira. Kwa kila jambo andika maneno matano tu katika kipande cha karatasi. Kisha sema dakika mbili kwa kuyatazama hayo matano. Anayekusikiliza akuulize maswali matatu usiyoyatazamia. Kesho sema tena, lakini kwa mpango mwingine. Ikiwa nyumbani pana simu ya kunasa sauti, jisikilize. Utasikia mwenyewe ulipokwama.

Wala usiseme “Kinondo ni pazuri” ukanyamaza. Una mengi kuliko mtoto wa mji mkubwa. Hapa pana Kaya Kinondo, moja katika kaya za Wamijikenda zilizotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Eleza kwamba mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia. Eleza mikoko ya Gazi na mradi wa Mikoko Pamoja, ambao fedha zake zimesaidia maji na shule. Eleza mbega wanaovuka barabara ya Diani juu ya ngazi za kamba. Mtahini huchoka kusikia maneno yale yale; hayo atayasikiliza.

Utasema, neno “kaya” halipo katika Kijerumani. Ni kweli. Basi lizunguke: sema “ein heiliger Wald”, msitu mtakatifu, kisha ongeza kwamba wazee waliishi humo zamani. Kuzunguka neno usilolijua ni ufundi mkubwa katika mazungumzo. Na usipolisikia swali, sema “Können Sie das bitte wiederholen?” yaani, tafadhali rudia. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kurudishiwa swali si aibu. Kujibu swali ambalo hukuulizwa ndiko kunakoharibu.

Jihadhari pia na Kijerumani cha ufukweni. Huko kila mtu huitwa “du”, kama rika lako. Mtahini ni mtu wa heshima, mwite “Sie”. Sisi watu wa pwani, tuliolelewa kwa shikamoo, hatuna sababu ya kushindwa na hilo.

KUANDIKA

Mgeni akisema “kitabu yangu” sisi hutabasamu, maana amevunja ngeli. Kijerumani nacho kina ngeli zake tatu: der, die na das. Usijifunze jina peke yake. Jifunze pamoja na ngeli yake, vile vile mtoto wetu ajifunzavyo “kitabu hiki” bila kusoma kanuni. Majina yote ya vitu huanza kwa herufi kubwa. Nukta mbili juu ya herufi si pambo: “Küche” ni jiko, “Kuchen” ni keki, na mpishi yeyote aliye hapa atawaambia hivyo si kitu kimoja.

Kosa lingine hutoka katika lugha yetu wenyewe. Sisi husema “Leo mimi naenda,” na mtoto huandika “Heute ich gehe.” Mjerumani hutaka kitendo kiwe mahali pa pili: “Heute gehe ich.” Kwa barua, rafiki huandikiwa “Liebe” au “Lieber”, na ofisi huandikiwa “Sehr geehrte Damen und Herren”. Ukichanganya hizo mbili, barua yako huwa kama mtu aliyekwenda barazani kwa wazee na nguo ya kuogea.

Andika insha moja kila juma. Majuma 30 ni insha 30, na hapana hila ishindayo hiyo. Kabla ya kuanza, hesabu mambo uliyotakiwa kueleza na uyape namba. Wengi hupoteza alama kwa kusahau jambo moja zima. Ukimaliza, soma mara tatu: mara ya kwanza vitendo, ya pili ngeli, ya tatu herufi kubwa na nukta. Mwalimu akirudisha karatasi yenye wino mwekundu, usiifiche. Iandike upya yote. Wino mwekundu ndio mshahara wa juma lile.

KAZI YA MZAZI

Mzazi ajuaye Kijerumani kwa sikio ampe mtoto robo saa kila jioni anaporudi kazini. Amwulize kama mgeni aulizavyo. Naye mtoto amfundishe mzazi kuandika mistari mitatu. Hapo hapana mkubwa wala mdogo, kila mmoja ni mwalimu na mwanafunzi. Mzazi asiyejua hata neno moja asiseme hana kazi. Na amsikilize mtoto akisema, kisha mtoto amweleze kwa Kidigo alichosema. Asiyeweza kukieleza kwa Kidigo hakukielewa. Zaidi ya hayo, mtoto apewe saa yake na taa yake, na asichekwe akikosea.

Na tuonyane. Yeyote anayekuletea karatasi ya mtihani ya kununua ni mwizi. Kuuza mitihani ni kosa chini ya Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012, na mtoto aweza kupoteza matokeo yake yote. Tena mazungumzo hayanunuliki. Mbele ya mtahini, na baadaye mbele ya mwajiri, kinywa ni chako.

Pendekezo letu ni dogo. Kila mwanachama ajuaye lugha ya kigeni atoe saa moja kila mwezi, siku yake ya mapumziko, aketi na wanafunzi wazungumze. Tumezoea kusimama pamoja kwa ajili ya mshahara. Na tusimame pamoja kwa hili pia, ili mtoto wa mhudumu aingie chumba cha mtihani akijua kwamba amekwisha kuulizwa maswali magumu na watu wampendao.

Wanaotaka kutoa saa yao waandikishe majina kwa katibu kabla ya kuondoka.